Paka wangu alipigwa picha nusu

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu tunaofuga paka, na madaktari wetu wa mifugo wasinichukie.

Dume langu alianza kushinda kwenye beseni lake la mchanga, anajikamua, analia, hakitoki kitu. Mimi nikajua amefunga choo nikamnywesha mafuta ya nyonyo, kumbe masikini ni mkojo ndo umegoma. Kesho yake kliniki wakampitishia ultrasaundi ya kibofu wakasema kimejaa ila hakina jiwe, akachomwa antibayotiki tukarudi nyumbani. Usiku akaanza kutapika. Nikakimbilia daktari mwingine, huyo akamtundikia dripu kisha akampiga eksirei, na hakuishia tumboni, picha ilishuka mpaka chini ya mkia. Jiwe hilo hapo, limekwama kwenye njia ya mkojo ndani ya nyonga! Akalirudisha kibofuni kwa mpira, baadaye akamfanyia opareshen.

Sasa hapo ndo nimejifunza. Ultrasaundi ni nzuri, kwenye kibofu na figo inaona hata mawe ambayo eksirei mara nyingi inayakosa, kama yale ya urati, lakini haipenyi mfupa, kwa hiyo jiwe likishajificha nyongani unaambiwa paka mzima. Eksirei nayo inaonyesha vizuri struvaiti na oksaleti, na ndo mawe yanayowasumbua paka zaidi, unajua yako mangapi na makubwa kiasi gani, ingawa utumbo ukijaa choo unaweza kuyafunika na vijiwe vidogo kama mchanga vinaponyoka. Ukiniuliza mimi, vipimo vyote viwili, na paka apigwe picha mwili mzima. Struvaiti inaweza kuyeyushwa na chakula maalumu, oksaleti haiyeyuki, ila hilo huwezi kulipanga kama hata jiwe lenyewe hujaliona.

Na hizi antibayotiki za kubahatisha jamani! Paka wenye umri mdogo wakiwa na shida ya mkojo wengi wao hawana bakteria kabisa. Dume aliyeziba njia anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu tu, potasiamu, ile chumvi inayotolewa na mkojo, inapanda kwenye damu moyo unasimama.

Jirani yangu ananicheka eti hela zote hizo kwa paka, akati panya wa kwake anawakamata huyu huyu.

Ombi langu ni dogo: kliniki isiyo na eksirei iseme mapema, mtu aite bodaboda aende kwingine.

Mfuga paka,
Mabibo, Dar es Salaam