Turbo kwenye RX-7 kuukuu: tuanze na injini

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika safu hii kwamba turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi) ni turbo, na kwamba fundi aliyewahi kuifunga kwenye Subaru anaweza kuifunga kwenye gari lolote, hata zile Mazda RX-7 za zamani zenye injini ya rota, yaani kipande cha pembe tatu kinachozunguka mahali pa pistoni. Mimi ni fundi wa injini hapa Walukuba, Jinja. Injini hizi nimezifungua na kuzifunga tangu nikiwa mwanagenzi, na maneno ya ndugu yetu yamenikosesha usingizi, kwa sababu najua wapo vijana watakaoyafuata.

Nakubaliana naye kwa jambo moja. Turbo inaifaa injini ya rota pengine kuliko injini nyingine yoyote ya petroli. Rota haina valvu wala kemshafti. Tundu la moshi linafunguka ghafla pale ncha ya rota inapolipita, na moshi unatoka ukiwa na joto kali na kasi kubwa, yaani kile kile kinachotakiwa kuzungusha turbo. Mazda wenyewe walilifanyia kazi hilo: mwaka 1983 waliuza Japani RX-7 yenye injini ya rota ya aina ya 12A ya turbo, ya nguvu za farasi takriban 165. Tena sisi wa huku juu tuna sababu ya ziada. Ziwa Viktoria liko zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa Jinja ni pungufu kwa asilimia 13 hivi ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo inanyimwa hewa hiyo kila siku inapowashwa. Kijana anayetaka kuirudisha hana kosa hata kidogo.

Ila Mazda hawakuchukua 12A ya kawaida wakaining'iniza turbo ubavuni. Kabureta waliiondoa, wakaweka injekta za kielektroniki za kunyunyizia petroli. Na kwenye RX-7 ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 1985, walitengeneza rota za aina mbili: isiyo na turbo ilikuwa na kompresheni (kiasi hewa inavyobanwa kabla ya kuwaka) ya 9.4 kwa 1, yenye turbo ikashushwa hadi 8.5 kwa 1. Anayefunga turbo kwenye injini ambayo haikutoka nayo kiwandani anabaki na kompresheni ya juu, pampu ya petroli iliyopimiwa kulisha kabureta tu, na taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, iliyopangwa kwa hewa ya kawaida. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Kijana mmoja wa Kampala aliniletea RX-7 yake ikiwa inakokotwa kutoka Najjembe, pale kwenye msitu wa Mabira. Gereji moja ya Kampala, ambayo sitaitaja, ilikuwa imemfungia turbo iliyotumika, manifoldi (bomba la kupeleka moshi kwenye turbo) ikachomelewa vizuri tu, kazi safi kwa macho. Pampu ya petroli ilikuwa ile ile ya kiwandani. Taimingi haikuguswa. Hakuna aliyepima kompresheni kabla ya kuanza. Gari lilikwenda vizuri mjini, likatoka Lugazi vizuri, na kwenye mlima akakanyaga akitaka kupita lori la miwa. Akasikia mlio mmoja mkavu, nguvu ikaisha.

Tulipofungua, sili moja ya ncha ya rota ya mbele ilikuwa imekatika. Ni kipande cha chuma chenye unene wa milimita 3 kinachozuia hewa isivuje, na kila rota ina ncha tatu, kila ncha na sili yake. Kipande kilichokatika kilikuwa kimeburuzwa kwenye ukuta wa nyumba ya rota na kuacha mtaro ambao ukucha unazama. Kisha kikatoka na moshi, na njia ya moshi sasa inapita kwenye turbo. Bapa za gurudumu la turbo zilikuwa zimejikunja na mbili zimeng'oka. Kwa hiyo alipoteza injini na turbo kwa pigo moja. Kijana yule alisimama kando ya meza yangu akiwa ameshika ile sili mkononi, hasemi kitu. Nilimwonea uchungu, maana fedha ile aliikusanya kwa jasho na hakuna aliyemweleza.

Kilichoikata sili ni petroli kuwaka kabla ya wakati wake, kile tunachokiita injini kugonga. Chumba cha kuchomea cha rota ni kirefu na chembamba, moto unachukua muda kusambaa humo, ndiyo maana kila rota ina plagi mbili. Injini ya pistoni ikigonga kidogo inaweza kuvumilia na ukamsikia mgonjwa mapema. Rota haikupi nafasi hiyo: pigo moja zito la namna hiyo linatosha. Turbo inasukuma hewa zaidi, na petroli isipoongezeka kwa kiasi hicho hicho mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi, joto linapanda, na pigo hilo linakuja.

Jambo ninalotaka kila mwenye RX-7 alijue ni hili la kupima kompresheni, kwa sababu halihitaji fedha nyingi. Geji ya kawaida inadanganya kwenye rota. Ina kivalvu kidogo kinachoshikilia kipimo cha juu kabisa, na kila rota ina pande tatu, kwa hiyo upande mmoja mzima unaficha pande mbili zilizokufa. Kitoe kile kivalvu. Ondoa plagi, funga geji kwenye tundu la plagi ya chini, hakikisha injini haitawaka, mwambie mwenzako apige stata huku amekanyaga mafuta hadi mwisho. Sindano itaruka, na inatakiwa iruke sawasawa: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Ukiona inaruka juu, juu, halafu ya tatu inajikongoja, sili ya upande huo imechoka. Hata sikio linatosha kwa aliyezoea. Injini ya namna hiyo ikitiwa turbo haitafika mbali, na fundi anayeifunga bila kupima anamwibia mteja, hata kama hakukusudia.

Injini ikiwa nzima, fedha inayofuata iende kwenye petroli: pampu kubwa, mrija mpana, injekta zenye kompyuta yake au angalau kabureta iliyotengenezwa kufanya kazi chini ya shinikizo. Senza ya kusoma mchanganyiko ni lazima. Turbo inaposukuma, mimi sikubali mchanganyiko mwepesi kuliko hewa 11 na ushee kwa petroli 1. Taimingi irudishwe nyuma. Rejeta na kipoza oili visafishwe, kwani rota zenyewe zinapozwa na oili. Ile pampu ndogo inayodondoshea oili kwenye sili isiondolewe. Wanaoiondoa wajue itabidi wachanganye oili kwenye tangi la petroli kila wanapojaza, kama wafanyavyo wenye misumeno ya kukatia miti. Na shinikizo la turbo liishie pauni 6 kwa inchi ya mraba mpaka kila kitu kihakikishwe. Turbo yenyewe inakuja mwisho wa orodha hii ya manunuzi.

Mtu ataniambia kwamba hizo ni hadithi za wazee, gari ni chuma, likifa tutaagiza jingine. Hatutaagiza. Sheria ya mwaka 2018 imezuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, na RX-7 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2002. Zilizopo Uganda ndizo hizo hizo. Kila nyumba ya rota inayochimbwa mtaro kwa sili iliyokatika ni moja imepungua, na za 12A zinatafutwa dunia nzima, bei yake inapanda.

Wenye RX-8, gari la rota lililokuja baada ya RX-7, nao wasidhani wamesalimika kwa kuwa gari lao ni jipya kidogo. Kompresheni yake ni 10 kwa 1, na matundu ya moshi yamehamishiwa ubavuni. Kwa gari hilo ninamshauri mtu atengeneze mfumo wa moto na sili kwanza, alifurahie linavyozunguka. Rota hushinda hata bila turbo: ile Mazda 787B iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991 ilikuwa na rota nne na haikuwa na turbo.

Mwenye gari la rota aliye karibu na Jinja alilete nipime kompresheni. Simtozi kitu kwa kipimo hicho, na mafundi wenzangu wa Kampala wanaotaka kuona geji inavyofanyiwa wanakaribishwa vilevile. Waje asubuhi, injini ikiwa imepashwa moto njiani, maana kipimo cha injini baridi hakina maana.

Fundi wa injini,
Walukuba, Jinja