Yah: Shokapu na springi za Chevrolet Camaro yangu ya 1969

Kwa Meneja Mkuu wa Gereji,
Houston, Texas.

Ndugu Meneja,

Salamu kwako na kwa wote ulio nao. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa kuwa ndicho ulichonikaribishia siku ya kwanza, ukaniita ndugu yako wa Tanga na kuniahidi kwamba gari langu litatunzwa kama lako. Dhamana mnayoitoa kwa kazi zenu unaijua kuliko mimi, hivyo sitairudia hapa.

Nililipa dola 2,840 ili nifungiwe shokapu nne za gesi za Bilstein, springi mpya za mbele, na bushi mpya za mpira, zile pete za viungio, kwenye mikono ya juu na ya chini inayobeba magurudumu ya mbele. Vifaa havina kosa na sina ugomvi na waliovitengeneza. Jumanne ile nilisimama nje ya kioo cha ofisi yenu nikamwona kijana wenu akikaza bolti za bushi kwa mashine ya upepo, gari likiwa juu ya lifti na magurudumu yakining'inia. Bolti hizo hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe, kwa sababu mpira ukibanwa magurudumu yakiwa yananing'inia, siku gari linaposhushwa unabaki umesokoteka saa zote mpaka uchanike. Ndiyo maana leo pua ya gari iko juu, na kwenye kila tuta gari linalia kama kitanda cha kamba.

Niliporudi Ijumaa kulalamika, fundi wenu mkuu alitoka hadi nje, akakandamiza bampa kwa kiganja mara moja tu, akasema, "Limetulia hili." Tulipoingia ndani aliutupa ufunguo juu ya kaunta, ukateleza, ukaanguka sakafuni, naye akaniambia mbele ya wateja watano, "Mzee, gari la mwaka 1969 lazima lilie. Ukitaka usingizi, nunua Camry." Watu wakacheka. Binti yangu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeinama kuuokota.

Huyo huyo fundi mkuu, siku niliyoleta gari, alinieleza kwa kujiamini kwamba shokapu moja ya nyuma kuwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ni kosa la fundi aliyenitangulia, na kwamba angelisahihisha. Ilibidi nimzuie. General Motors ndio waliozipanga hivyo kwenye Camaro kuanzia modeli ya 1968, ili ekseli isirukeruke unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Mtu asiyejua hilo angeweza kulijifunza kimya kimya, wala nisingemcheka. Kisha mkanikabidhi karatasi ya vipimo vya magurudumu inayoonyesha kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, ya nusu digrii, kipimo cha enzi za matairi ya zamani yaliyofumwa mshazari, wakati niliomba kwa maandishi digrii tatu kwa kuwa natumia matairi ya kisasa ya radiali. Kwenye barabara kuu ya 45 gari linatangatanga, nami naushika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayevuta mbuzi.

Nairudia Ijumaa ile, Ndugu Meneja, kwa sababu sidhani kama umeelezwa sawasawa. Ufunguo haukuponyoka. Ulitupwa. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kuupokea, naye akauona mkono wangu. Binti yangu alipiga goti kwenye ile sakafu yenu ya mafuta, akaufuta kwa pindo la sketi yake, akanipa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa nyumbani, nacho kicheko bado hakijaisha. Wewe ulikuwa ofisini kwako, mlango wazi. Tulipofika kwenye gari aliniuliza, "Baba, mbona hukumjibu?" Jibu langu ni barua hii.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba jambo moja tu, kwamba bolti zilegezwe, bushi zilizosokoteka zibadilishwe na kukazwa gari likiwa chini, na kasta irekebishwe bila malipo. Lakini sioni ni kwa nini nilirudishe gari kwa mikono ile ile. Nataka fedha zote za ufundi, dola 1,150, pamoja na gharama ya fundi mwingine atakayeirudia kazi hii. Nataka pia shokapu zangu za zamani, ambazo niliagiza zihifadhiwe na nikaambiwa zimetupwa. Na fundi mkuu amwombe radhi binti yangu, kwa mdomo wake, pale pale kwenye kaunta.

Sheria ya Texas ya kumlinda mnunuzi inanitaka nikupe notisi ya maandishi siku 60 kabla ya kushtaki. Ihesabu barua hii kuwa ndiyo notisi hiyo. Mahakama ya Justice of the Peace, ile ya madai madogo, husikiliza madai yasiyozidi dola 20,000 na haitaniuliza wakili wangu yuko wapi. Nimekwisha kupiga picha kila bolti.

Gari nimelifunika turubai nyumbani. Ufunguo ninao mimi.

Wako,
Mteja wenu mwenye Camaro ya buluu