Namba kubwa kwenye sanduku la darubini inawapotosha wanunuzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwatahadharishe wazazi, walimu na wafadhili wanaowanunulia vijana darubini za kutazamia nyota, kwa sababu kuna namba moja inayochapishwa kwa wino mkubwa kwenye masanduku yake ambayo huwavunja vijana moyo kabla hawajaiona hata sayari moja sawasawa.

Mwaka jana mpwa wangu alirudi Lamu kutoka Mombasa na darubini aliyoinunua kwa akiba ya miezi kadhaa. Sanduku lilisema kuwa inakuza mara 525. Usiku huohuo tuliipandisha juu ya nyumba, watoto wa mtaa wakapanga foleni, tukailenga Zohali. Kilichoonekana kilikuwa doa la kijivu linalotetemeka, na kabla mtoto wa pili hajaweka jicho lake, doa lenyewe lilikuwa limekwisha kutoka. Kijana aliniambia, "Mjomba, nimeuziwa kitu kibovu," akaifunga, ikakaa uvunguni mwa kitanda mpaka kusi ilipokwisha.

Darubini ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa jinsi ile 525 ilivyopatikana, nami naomba niieleze hesabu yake kwa sababu ni nyepesi na kila mnunuzi anaweza kuifanya akiwa bado dukani. Nguvu ya kukuza hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale miale ya mwanga inapokutana) kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, yaani kile kipande kidogo tunachochungulia. Darubini ya mpwa wangu ina fokasi ya milimita 700, na ilikuja na lenzi tatu za jicho, za milimita 20, 12.5 na 4. Ya kwanza hukuza mara 35, ya pili mara 56 na ya tatu mara 175. Pamoja nazo ilikuwamo lenzi ya Barlow, yaani lenzi ya kuongezea nguvu ya kukuza, ya mara tatu, na aliyeandika sanduku alizidisha 175 kwa 3, basi.

Sitaki msomaji aichukie lenzi ya Barlow kwa sababu hiyo. Ilipewa jina la Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza aliyeibuni katika miaka ya 1830, na ikitumiwa kwa kiasi ni kifaa chenye manufaa makubwa kwa mtu asiye na fedha za kununua lenzi nyingi za jicho. Ni lenzi iliyobonyea, inayowekwa kwenye mrija mbele ya lenzi ya jicho. Miale ya mwanga iliyokuwa ikikaribia kukutana huisambaza kidogo, ikakutana mbali zaidi, hata darubini yenye fokasi ya milimita 700 ikafanya kazi kama yenye 1400, iwapo Barlow ni ya mara mbili. Lenzi ya milimita 20 iliyokuwa ikikuza mara 35 sasa hukuza mara 70. Sisi tunaovaa miwani tunaithamini kwa jambo jingine pia, kwa kuwa lenzi fupi kama ile ya milimita 4 ina kitundu kidogo mno na humlazimu mtu kukaribia kuligusa kioo kwa jicho, ilhali lenzi ndefu ikiongezewa Barlow hutoa nguvu kubwa na bado huacha nafasi ya miwani.

Mpaka wa nguvu hiyo, hata hivyo, huwekwa na upana wa lenzi kuu ya mbele, na hapa ndipo sanduku linaponyamaza. Kanuni inayofuatwa na watazamaji ni kwamba kila milimita moja ya kipenyo huvumilia ukuzaji wa takribani mara mbili, hivyo lenzi kuu ya milimita 60 kama ya mpwa wangu haifai kuvushwa zaidi ya mara 120. Mwanga ulioingia ni uleule. Kila ukuzaji unapoongezwa maradufu mwanga huo hutandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, na undani ambao lenzi kuu haikuunasa hauwezi kuzaliwa nyuma yake. Kwa mara 525 hata mguso wa kidole huitikisa picha nzima, na mzunguko wa dunia huitoa sayari kwenye uwanja wa kuonea kwa muda usiofika nusu dakika. Ndiyo maana mtoto wa pili hakuona kitu.

Tuliitoa darubini uvunguni, lenzi ya milimita 4 na ile Barlow ya plastiki tukaziweka kando, kisha tukaagiza Barlow ya mara mbili iliyotengenezwa kwa vioo viwili vilivyounganishwa ili kupunguza michirizi ya rangi pembeni mwa picha. Anayeagiza apime kwanza upana wa mrija, kwani nyingi ni za inchi 1.25 lakini baadhi ya darubini ndogo hutumia 0.965, na haziingiliani. Kwa lenzi mbili tu za jicho sasa tunapata 35, 56, 70 na 112. Angekuwa na lenzi za milimita 20 na 10, Barlow ingemwongezea nguvu moja mpya tu, maana 20 pamoja na Barlow ya mara mbili ni sawa na 10 peke yake; hili ni jambo la kufikiriwa kabla ya kutoa pesa.

Kwa mara 70 pete ya Zohali ilionekana imeachana na mwili wa sayari, na watoto walirudia foleni mara tatu. Sisi wa Lamu tuna bahati ya kukaa karibu na ikweta, ambako sayari hupanda juu sana na mwanga wake hupita kwenye hewa kidogo kuliko unaopita karibu na upeo wa macho. Lakini kuta za mawe na mapaa hutoa joto la mchana hadi usiku, na hewa ikichemka hata mara 112 hugeuka ukungu. Hapo ni heri kuondoa Barlow, kungoja saa za usiku mwingi, au kungoja majira ya tanga mbili upepo unapolegea. Kilimia, lile kundi la nyota, nacho hakihitaji Barlow kamwe, kwa kuwa kimetanda kiasi kwamba hata lenzi ya milimita 20 hakienei vizuri.

Ninawaomba wafanyabiashara waandike upana wa lenzi kuu na urefu wa fokasi mahali pale pale ilipo ile namba kubwa, na waiuze Barlow ya mara mbili ya kioo peke yake. Na anayetaka kuizawadia shule darubini, amuulize muuzaji kipenyo ni milimita ngapi, akizidishe kwa mbili, kisha alinganishe jibu na kilichoandikwa kwenye sanduku.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu