Mtu Awe na Kwao

Mwanangu Salma,

Assalaam aleikum. Sisi huku Lamu hatujambo, alhamdulillahi, na bibi yako anakusalimu sana. Umeniuliza mtazame filamu gani na wenzako likizo hii. Mimi hutazama usiku tu, kazi zikiisha, na kila filamu natafuta jambo moja: mtu awe na kwao. Awe na mama, jirani na deni dukani.

Ndiyo maana Out of Africa ya 1985 haikunishika, pamoja na Oscar zake 7. Ile ndege inaporuka juu ya nchi yetu inapendeza, sikatai. Lakini Meryl Streep, anayeigiza mlowezi wa Kizungu mwenye shamba, anapompigia magoti gavana kuwaombea Wakikuyu ardhi, tunatakiwa tumlilie yeye. Wanaohamishwa watalala wapi na watoto wao? Filamu haina habari nao.

Captain Phillips ya 2013 inaniudhi zaidi, kwa sababu ni nzuri. Tom Hanks, nahodha wa meli, tunaanza naye garini na mkewe, wakizungumza habari za watoto wao. Muse, yule kijana haramia wa Kisomali anayeiteka meli, anayeigizwa na Barkhad Abdi, anapewa ufukwe kidogo na kelele za bunduki, kisha ni baharini. Anagusia meli kubwa zinazowamalizia samaki, na neno hilo linapita. Sisi majirani wa Somalia, wenye wavuvi majumbani mwetu, tungetaka likae.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji itazameni, Kiswahili chake kinaburudisha masikio. Ila kitabu cha Shafi Adam Shafi kisome kwanza, Yasmin, yule msichana wa hadithi, utamjua vizuri zaidi.

Mother India ya 1957 ni ya bibi yako. Kihindi hakijui, lakini akimwona Sukhilala na daftari lake la madeni huanza kumlaani kwa sauti. Mwishoni Radha anampiga risasi mwanawe Birju, kwa kuwa amemteka binti wa watu siku ya harusi yake. Bibi yako hujifuta macho kwa leso na kusema mama yule alifanya haki. Mimi siwezi. Binti yule ni lazima aokolewe, hilo silipingi, lakini mkono wangu usingenyanyuka. Tumebishana dakani mpaka adhana ya isha, na bado naipenda filamu ile kuliko zote za Kihindi.

Lakini mkipata nafasi ya filamu moja tu, iwe Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo ni mtoto mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anapenda sana mashujaa wa sinema. Mama yake anamrudisha nyumbani akitaka apumzike, atulie, asidanganywe. Dadake anamwambia ana nguvu za ajabu, na mwishowe kijiji kizima kinaingia kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Wengi humwona mama yule mkali. Mimi nilimwelewa tangu mwanzo: anaogopa dakika za mtoto wake ziishie kwenye mchezo, na yeye hajashiba kumtazama. Anapokubali kucheza na wenziwe, niliisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Ukishaitazama nipigie siku hiyo hiyo. Nataka kujua wewe ulikuwa upande wa dada au wa mama.

Mamako