Vitabu vya siku zisizo na kamba

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kwamba ule ukuta wa jiwe uliokuwa ukiupanda umeumaliza, lakini kilichonikaa moyoni ni ile sentensi uliyoipitisha haraka, kwamba kidole cha pete kinauma ukikikunja, na bado siku yako ya mapumziko uliimalizia ukining'inia kwa vidole kwenye ubao wa mazoezi. Nakuomba uache. Msuli hupata damu ya kutosha, ukiupumzisha siku mbili unarudi. Kano za vidole, na vile vikanda vinavyozishikilia kwenye mfupa, hupata damu kidogo na hupona polepole. Kikanda kimoja kikikatika, unakaa chini kwa miezi. Najua si ukaidi. Mikono ikitulia, akili yako haitulii, inaendelea kupanda. Basi tuipe mahali pa kupanda, ndani ya vitabu.

Anza na Felice Benuzzi, *No Picnic on Mount Kenya*. Yeye alikuwa Mwitaliano, mfungwa wa vita wa Waingereza, na kambi yao ilikuwa karibu na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Kila mawingu yalipofunguka aliuona mlima, na kuuona tu kukawa mateso. Januari 1943 akatoroka na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakutoroka ili wakimbilie kwao. Walitaka kupanda kisha warudi kambini wenyewe. Mashoka ya barafu waliyatengeneza kwa nyundo, kamba wakazipata kwenye nyavu za katani za vitanda vyao, na picha ya mlima ya kuwaongoza ilikuwa ile iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Barsotti aliugua akabaki kwenye hema. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, mita 5,199, wakashindwa, wakageuka. Baadaye wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Waliporudi kambini walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia 7, maana mkuu wa kambi aliuheshimu ujasiri wao.

Nakutaka usome hasa zile kurasa za kabla hawajatoka. Ni miezi ya kujinyima chakula ili wakiweke akiba, ya kushona, kuficha, kungoja. Huyu mtu hakuwa na ruhusa ya kugusa jiwe, na bado kila siku alikuwa anaupanda mlima wake. Sijui kitabu kingine kinachoifanya siku ya kukaa chini iwe na thamani kama hiki.

Baada yake njoo kwa Joe Simpson, *Touching the Void*. Kisa unakijua: mwaka 1985, Siula Grande nchini Peru, Simpson amevunjika mguu, Simon Yates anamteremsha kwa kamba kwenye dhoruba, mpaka mwenzake ananing'inia hewani na yeye mwenyewe anaburutwa taratibu kuelekea ukingoni. Yates akaikata kamba. Simpson akatumbukia kwenye ufa wa barafu, akatoka, akatambaa siku kadhaa hadi kambini. Wengi hukisoma kwa ajili ya kule kutambaa. Mimi nakipenda kwa sababu aliyeangushwa ndiye aliyeandika, na ndani ya kitabu chake amempa Yates nafasi aseme kwa sauti yake jinsi ilivyokuwa upande wa juu. Alitaka watu waache kumlaumu.

Hapo ndipo nilipojifunza namna ya kusoma vitabu vya milima, nami nakuomba uijaribu: kamba ina ncha mbili, kwa hiyo usikubali habari ya ncha moja. Chukua *Annapurna* ya Maurice Herzog. Yeye na Louis Lachenal walifika kileleni tarehe 3 Juni 1950, na huo ukawa mlima wa kwanza unaozidi mita 8,000 kupandwa na binadamu. Kitabu kinawaka. Herzog alikitamka kwa mdomo akiwa hospitalini, maana baridi ilikuwa imemla vidole, na utaisikia furaha yake hata pale anapoeleza maumivu. Kisha mtafute Lachenal. Yeye alipoteza vidole vyote vya miguu, na alijua tangu kule juu kwamba miguu inaganda. Alitaka kugeuka. Aliendelea kwa sababu Herzog alikuwa tayari kwenda peke yake, na aliona mwenzake asingerudi. Maandishi yake yalitoka 1956, baada ya kifo chake, yakiwa yamepunguzwa. Yakatoka kamili 1996. Kama Kifaransa kinakusumbua, David Roberts amelieleza jambo hili vizuri katika *True Summit*.

Nilipomaliza vyote viwili nilikaa muda mrefu bila kufungua kingine. Kilele ni kile kile, saa ni ile ile, na wawili hao hawakuwa mahali pamoja. Nikajiuliza ni mara ngapi nimekuvuta juu nikidhani unafurahi. Hilo utanijibu.

Mwandishi Jon Krakauer na kiongozi wa wapandaji Anatoli Boukreev nao wasome pamoja, *Into Thin Air* na *The Climb*, vyote vya 1997, juu ya dhoruba ya Everest ya Mei 1996 iliyoua watu wanane. Krakauer anamlaumu Boukreev kwa kuongoza bila oksijeni ya chupa na kushuka mbele ya wateja wake. Boukreev anaeleza kwa nini alishuka, na ukweli ni kwamba usiku ule alitoka tena kwenye dhoruba akawaleta watu watatu wakiwa hai. Lakini hivi usivisome wakati una safari ya mlima mrefu karibu. Vinaondoa usingizi.

Vitabu vya mazoezi viache kabisa kwa sasa, hata vile vizuri. Utasoma kurasa kumi halafu utainuka uende kwenye ubao. Ukihisi unahitaji mtu wa kukuonyesha mwili unavyofikiri ukutani, msome Lynn Hill, *Climbing Free*. Yeye ndiye wa kwanza kuipanda njia ya Nose kwenye ukuta wa jiwe wa El Capitan, Marekani, kwa mikono na miguu tu, kamba ikiwa ya kumkinga akianguka, 1993, na mwaka uliofuata akairudia ndani ya siku moja.

Cha mwisho weka Nan Shepherd, *The Living Mountain*. Ni kifupi. Aliiandikia milima ya kwao, Cairngorms huko Uskoti, akakiacha kwenye droo miaka kama thelathini, kikatoka 1977. Hashughulishwi na kilele. Anaingia mlimani kama mtu anayeingia nyumbani kwa rafiki, anasikiliza maji, anagusa jiwe, analala juu yake. Kisome siku ambayo kidole kinauma zaidi.

Nakala yangu ya Benuzzi nimeifunga pamoja na barua hii. Pembeni nimeandika kwa penseli. Usifute, ongeza yako. Na ukifika kwenye ile kamba ya Yates, funga kitabu kwanza, uniandikie wewe ungefanya nini ukiwa juu, na ungetaka nifanye nini ukiwa chini. Jibu langu nimelificha kwenye ukurasa wa mwisho.

Ni mimi, mshika kamba wako