Barua kwa Mwanangu: Kapige Hodi Mikono Mitupu

Newala, 7 Desemba

Mwanangu mpendwa, mama wawili,

Sisi hatujambo, ukiacha goti langu, ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio. Mvua yenyewe imenyesha mara mbili, mabibo ya mwisho yanaozea chini ya mikorosho, na malipo ya mnada bado tunayasubiri. Hayo unayajua, ndiyo maisha ya huku.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu kidole changu kinagusa herufi tatu kwa mpigo. Kijana wa duka la dawa atazipiga picha kurasa zote akutumie. Akisoma, asome.

Ile sauti uliyotuma Jumatano kutoka huko Finland kwenye umisionari wenu ilikuwa na dakika kumi na moja. Mama yako aliisikiliza mara moja akalala. Mimi niliirudia usiku, nikawa sisikilizi maneno, nasikiliza pale unaponyamaza. Ulisema, "Tuko salama baba, ni baridi tu." Nimekulea mimi. Hiyo "tu" yako naijua tangu ulipokuwa darasa la tatu.

Baridi nilidhani naifahamu. Nani wa Newala asiyeifahamu? Mwezi wa sita na wa saba ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, na mtu wa Mtwara mjini akija kututembelea anaomba blanketi la pili. Sasa unanieleza habari za nyuzi 22 chini ya sifuri, gari kuchomekwa kwenye umeme usiku kama simu ili asubuhi liwake, na watu wazima na akili zao kuendesha baiskeli juu ya theluji. Unasema huko mjini kwenu Oulu, Krismasi ikikaribia, jua linachomoza saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana limeshazama. Nilimsimulia mzee mwenzangu hapa barazani. Akauliza, "Basi hao wanalima saa ngapi?"

Ile picha ya kitinda mimba amelala kwenye kigari nje, theluji pembeni, pua imekuwa nyekundu, mama yako aliificha simu nisiione. Nikaiona. Nilikuwa nimeshatafuta namba ya mkwe wangu nimgombeze. Ndipo ukaeleza kwamba Wafini wengi huwalaza watoto nje mchana wakati wa baridi, wakiwa wamevikwa vizuri, na wanaamini mtoto analala usingizi mzito zaidi. Kichwa kimekubali. Moyo bado.

Lile sanduku la serikali, hata hivyo, limenifurahisha mno. Mama mjamzito anapewa boksi lenye nguo za mtoto, blanketi na kigodoro, na boksi lenyewe linageuka kitanda! Na ni desturi ya tangu 1938, mwanzo kwa familia zisizojiweza, kisha kuanzia 1949 kwa kila mama. Bibi zako walijifungulia kwenye mkeka. Huyu mjukuu wangu kalala miezi yake ya kwanza kwenye boksi la Finland na hana habari kwamba amebahatika.

Lugha nayo umenichekesha. Mkwe wangu analalamika kwamba jina moja la Kifini linageuka sura mara kumi na tano kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Mwambie avumilie, hao wenzetu wana jambo moja la kiungwana: "hän" ni mwanamume na ni mwanamke, kama "yeye" yetu. Kiingereza kilinichapisha viboko kwa ajili ya jambo hilo hilo. Ila huyo mkubwa, juzi kwenye simu kanisalimia vizuri, halafu akasema "batoto banacheza." Nikajua tayari ni mwana wa Wakongo wa ibada yenu ya Kiswahili. Simkemei. Msikemee na ninyi. Afadhali Kiswahili cha Kongo kuliko ukimya.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani.

Umesema watu hushangaa wakisikia mmisionari katoka Afrika, wanamwuliza mumeo kama amekuja kutafuta kazi ya usafi. Hilo lisikuumize sana. Hata huku tumelisahau. Masasi hapo, mwaka 1876, Askofu Steere alipofika kuanzisha misheni, hakuja na Wazungu wenzake tu. Alikuja na watu weusi waliokombolewa utumwani, akitoka nao Unguja, akawaacha hapo waanze kijiji cha Kikristo. Hao ndio waliojenga, wakalima, wakaimba nyimbo jioni mahali ambapo hawakuwa na shangazi wala mjomba. Tunapopita Mtandi tukalitazama lile kanisa kubwa tunawataja maaskofu. Hao wengine hatuwataji.

Lakini wamisionari nisiowajua nitawasimulia kidogo tu. Kuna familia moja niliijua kutokea jikoni.

Hujawahi kunisikia nikiisimulia kwa sababu niliona aibu ya kuwa boi. Nilikuwa na miaka 15, mwaka 1974, karo imekosekana, nikapata kazi kwa familia changa ya misheni kutoka Ulaya. Bwana alikuwa fundi, mkewe alikuwa na umri kama wako sasa, mtoto mmoja wa kiume ananyonya. Nilipika, nilifua, nilichemsha maji. Na jikoni, mwanangu, unaona mambo ambayo hayasemwi kanisani.

Yule mama alikuwa mwema, nisimsingizie. Kila Ijumaa barazani kwake palikuwa na foleni: huyu vidonge, huyu sabuni, huyu nguo za mtoto. Alitoa. Watu walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa. Alikuwa amenunua vikombe sita vya chai kwa ajili ya wageni. Kila Jumamosi nilimwona akivitoa kabatini, anavifuta vumbi, anavirudisha. Miaka miwili vile vikombe havikuguswa na mdomo wa mtu. Jioni mumewe akirudi alimwuliza neno kwa lugha yao. Lugha sikuijua, ila jibu nililijua: leo pia hakuna aliyekuja.

Unaona, anayetoa kila siku anageuka duka. Duka utalisifu, utalikopa, hata kulitetea utalitetea, lakini huendi kulijulia hali.

Mwezi wa kumi mwaka wa pili trekta lililokuwa likiwaletea maji likafa. Unajua maji ya huku Umakondeni yalivyokuwa: bomba linaweza kukauka majuma mazima, na akina mama wanateremka ukingoni alfajiri kwenda kwenye chemchemi za bondeni, wanapanda na debe kichwani jua likiwa limeshawaka. Bwana alikwenda Mtwara kutafuta spea, akakaa siku tisa. Tangi likabaki matope. Nikamwambia mama nitakwenda mimi, ingawa mwanamume kubeba debe kichwani zama zile ilikuwa kituko cha kijiji. Akakataa. Alfajiri alichukua debe, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, vibaya, kichwa kinaning'inia, akasimama njiani wanapopita wanawake. Akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Ninyi akina mama, mimi sina maji. Nifundisheni."

Walicheka, si kidogo. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha mmoja wao akamsogelea, akamfungua mtoto, akamfunga upya, akaikaza ile kanga kifuani mwa yule Mzungu kama anavyomkazia mkwe wake. Aliyefanya hivyo ni bibi yako, mama yangu mzazi.

Walirudi saa tatu. Debe lake lilikuwa nusu, yeye amelowa mpaka viatuni. Jioni hiyo vile vikombe sita vilitoka kabatini na havikutosha, wengine wakanywea vibakuli. Waliongea mambo ya kukoroma kwa waume na dawa ya vidonda vya matiti, nikafukuzwa jikoni kwangu mwenyewe. Foleni ya Ijumaa haikuisha, ila tangu hapo ilianzia jikoni.

Sasa wewe. Umenisimulia kama kichekesho: mumeo yuko safarini siku tatu, theluji imeanguka usiku kucha, una homa, kitinda analia, mkubwa anatakiwa shule, ukatoka na koleo ukalifukua gari peke yako. Na yule bibi wa ghorofa ya chini amesimama dirishani anakutazama. Ukasema, "Baba, watu hawa hawana utu, anatazama tu."

Ulimwomba?

Wewe mwenyewe uliniambia kwamba huko mtu haingilii mambo ya mwenzake, kwenye basi wanakaa mbalimbali, na kumwachia mtu nafasi yake ndiyo adabu. Kwetu ukimwona jirani anahangaika unavamia, usipovamia una roho mbaya. Kwao ukivamia umemdharau, umesema hajiwezi. Basi yule bibi pale dirishani huenda alikuwa anakuheshimu kwa nguvu zake zote. Pengine viatu alikuwa ameshavivaa.

Umempelekea maandazi mara nne. Mara nne amekurudishia sahani imeoshwa na "kiitos" moja, asante yao. Mama yako anasema mkono mtupu haulambwi, endelea na maandazi, zidisha iliki. Leo nampinga, na ameshanuna, yuko uani anapepeta mbaazi kwa hasira. Nakuambia nenda mikono mitupu. Nenda na shida. Mwambie zipu ya ovaroli ya mtoto imekwama. Mwambie ule mkate wao mweusi mchachu umekushinda kuoka. Mwambie una zamu ya chumba cha kufulia na huna wa kumwachia mtoto nusu saa. Kama aibu itakukaba, mkumbuke yule mama na debe lake.

Na huyo mkwe wangu, mpe salamu na mpe na hili. Amealikwa sauna na wazee wa kanisa mara mbili, mara mbili kaugua kichwa. Namwelewa, kukaa uchi na mzee wa kanisa si jambo dogo, hata mimi ningeugua. Lakini mwanamume aliyepita jando hapa kusini ameshakaa uchi na wenzake na akatoka akiwa na ndugu. Aende.

Nimetaja jando, basi nimalize deni. Mjomba wako alikuja Jumapili. Anasema mkubwa amefika miaka tisa, kwa mila mtoto ni wake kabla hajawa wa mumeo, na anataka kujua atamwingiza lini. Nilimjibu kwamba hata Askofu Lucas wa Masasi alilikubali jando na kulitengenezea njia ya Kikristo, hivyo hakuna anayelikataa, ila nauli ya ndege si nauli ya basi la Masasi. Hakuridhika. Mpigie mwenyewe. Saa zenu ziko nyuma kwa moja tu wakati huu wa baridi, usisingizie muda.

Korosho kilo mbili zilizobanguliwa na unga wa muhogo vitakuja na yule ndugu anayesafiri Januari. Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, nimemwambia mama yako asifunge, itaoza njiani. Kafunga. Ukizikaanga korosho, fungua dirisha kwanza, maana uliniambia kengele ya moshi iliwahi kulitoa jengo zima nje usiku kwa ajili ya samaki.

Jana tarehe 6 mliwasha mishumaa miwili dirishani kwa uhuru wao wa 1917, na keshokutwa tarehe 9 ni wetu. Washa tena, waulize watoto ni ya nini, usikie watakachosema.

Na mkesha wa Krismasi, mtakapokwenda na umati ule makaburini. Ulinieleza theluji yote inakuwa rangi ya chungwa kwa mishumaa, na kwamba kuna mahali palipotengwa kwa wale waliozikwa kwingine, mtu akawashe hapo taa ya maiti wake aliye mbali. Mwashie bibi yako. Kaburi lake nimelipalilia juzi, mkorosho wa kichwani umezaa vizuri mwaka huu.

Kiberiti usinunue. Kaombe kwa yule bibi wa chini.

Baba yako