Barua ya kufunga muhula: maonyesho, karo, na lile tukio la mbwa

Wapendwa wazazi na walezi,

Ripoti za watoto mnazo. Zisomeni hadi upande wa nyuma, maana maoni ya mwalimu wa darasa yako huko, na kila muhula hakosi mzazi wa kuja kuniuliza jambo lililoandikwa pale waziwazi. Hisabati imepanda. Insha bado. Tarehe ya kufungua iko juu ya ripoti na haitasogezwa.

Sasa furaha yangu. Waliofika ukumbini siku ya maonyesho ya Klabu ya Wanyama wanajua ninachosema. Ambao hawakufika, poleni, mmekosa. Kila darasa la juu lilipewa kazi ya kuchunguza mambo ya wanyama waliookolewa na wanaowatunza, kisha kutueleza. Niliwakataza walimu kuwaandikia watoto hotuba. Tulichosikia kilikuwa chao.

Darasa la Nne walituletea ndovu yatima wa kituo cha Sheldrick, Nairobi. Walishona ndama kwa magunia, wakamfunika blanketi, wakaeleza jinsi Daphne Sheldrick alivyohangaika miaka mingi kutafuta maziwa ya kumfaa ndama wa ndovu, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayakumkubali, hadi akagundua kwamba mafuta ya nazi yanamfaa. Kisha binti mmoja, mdogo kuliko wote jukwaani, akatusimulia kisa cha Aisha, ndama aliyemzoea Daphne peke yake. Daphne alipoondoka kwa siku chache, Aisha alidhoofika kwa huzuni, akafa. Ndiyo maana walezi wa pale hulala zizini na ndama lakini hupokezana, ili yatima asimtegemee mtu mmoja. Hata akina baba wa safu ya nyuma, waliokuwa na kikao chao, walinyamaza.

Darasa la Tano walichukua kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ambako tangu 1998 wanatunzwa sokwe mtu walioporwa mwituni baada ya mama zao kuuawa. Mzazi mmoja aliuliza swali zuri: kama wanapendwa hivyo, mbona majike hupewa dawa ya kuzuia mimba? Mvulana aliyejibu hakutazama karatasi. Alisema kisiwa hakipanuki, na kila mtoto anayezaliwa pale anachukua nafasi ya yatima ambaye bado yuko kwenye kizimba cha mtu. Akaongeza kwamba mahali panapozalisha watoto wa wanyama ili wageni wawabebe na kupigwa picha ni biashara, hata kama ubao wa langoni unasema vingine. Angekuwa kwenye mtihani ningempa alama zote.

Darasa la Sita ndio waliotushangaza, kwa sababu wengi wetu tukisikia kuokoa wanyama tunawaza ndovu na simba. Wao walileta kondoo. Mwaka 1986, huko Marekani, Gene Baur na mwenzake walimkuta kondoo yu hai juu ya rundo la mizoga kwenye mnada wa mifugo, Pennsylvania. Walimkimbiza kwa daktari wakidhani si wa kupona, akasimama. Wakamwita Hilda, akaishi zaidi ya miaka kumi, na kazi yao ikawa Farm Sanctuary, kituo cha ng'ombe, nguruwe, kuku na kondoo ambao hakuna atakayewachinja. Watoto hawakutuambia tule nini. Waliuliza tu: Hilda na kondoo aliyeishia machinjioni wana tofauti gani? Mimi nilitazama saa yangu, na niliwaona wengi mkitazama zenu.

Darasa la Saba walifunga kwa zile haki tano. Walieleza kwamba mwaka 1965 kamati ya serikali ya Uingereza ilisema mnyama wa kufugwa awe angalau na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo, na kwamba mwaka 1979 wazo hilo lilipanuliwa: asiwe na njaa wala kiu, asikae kwa taabu, asiachwe na maumivu au maradhi, aishi kwa desturi za jinsi yake, na asitiwe hofu. Walizikariri kwa sauti moja, wavulana mbele. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Riadha tulikuwa wa tatu. Kwaya, asanteni.

Karo. Muhula huu nimepokea ahadi nyingi kuliko fedha. Mhasibu wetu hajawahi kumfukuza mzazi aliyekuja kueleza shida yake na kupanga namna ya kulipa kidogo kidogo. Wapo waliofanya hivyo na nawaheshimu. Ninaowalenga ni wale wanaozima simu wakiona namba ya shule, na yule anayemshusha mtoto kwenye lango la nyuma ili asipite ofisini. Lango la nyuma nalo lina mlinzi. Walimu wamefundisha hadi siku ya mwisho, na hakuna aliyemfundishia mtoto wako nusu ya somo kwa sababu umelipa nusu. Mwenye deni afike ofisini kabla ya kufungua, yeye mwenyewe.

Utoro wa Ijumaa uishe.

Sasa lile jambo. Wiki moja baada ya maonyesho, video ilisambaa kwenye kundi la wazazi: wavulana watatu wa Darasa la Saba wanamwokoa mbwa aliyenaswa na waya mtaroni nyuma ya shule. Muziki wa huzuni, mbwa analia, waya unakatwa, mwisho vijana wanampungia mkono mtazamaji. Mlimimina mioyo na vidole gumba. Mmoja wenu aliniomba niwape cheti.

Mlinzi wa usiku hakuandika chochote kwenye kundi. Alikuja ofisini akaniambia kwamba aliwaona mapema wakichukua waya ghalani. Niliwaita mmoja mmoja, na kabla ya saa sita kila kitu kilikuwa wazi. Wao ndio waliomfunga. Walirekodi mara mbili, maana mara ya kwanza mbwa hakulia vya kutosha. Waya ulimkata mguu hadi ndani. Walisema wameona video za namna hiyo kwenye intaneti, na kwamba watu huzipenda.

Ni kweli zipo. Kuna watu duniani wanaowaweka watoto wa paka na wa mbwa kwenye matope, au mbele ya nyoka, ili kamera iwakute wakiwatoa. Kwa hiyo nawaomba nyinyi watu wazima mjiulize maswali mepesi kabla ya kubonyeza moyo. Kwa nini kamera ilifika kabla ya mnyama kuonekana? Kwa nini hatuoni daktari, wala hatuambiwi mnyama aliishia wapi? Vituo vya kweli havimpi mgeni mnyama wa mwituni ambembeleze kwa picha. Kwa Sheldrick wageni husimama nyuma ya kamba, kwa saa moja, kisha ndama wanarudi zao porini. Kazi kubwa ya uokoaji ni kusafisha kinyesi na kuandaa chupa usiku wa manane, na hiyo haina muziki.

Kilichoniudhi zaidi ni majibu ya baadhi yenu. Mzazi mmoja, nikiwa nimemwalika kwa heshima, alicheka: "Mwalimu, si ni mbwa koko tu? Na kama ana kichaa?" Haya, tuzungumzie kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa anayefungwa waya huuma. Kinachozuia ugonjwa ni chanjo: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maambukizi hukatika. Na mtoto akiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku ileile. Mwanao, bwana mkubwa, alikuwa na uso wake karibu na meno ya mbwa huyo, na wewe ukacheka.

Wavulana hao walisimamishwa masomo hadi mwisho wa muhula. Baadhi yenu mlipendekeza wapewe adhabu ya kumlisha na kumwosha mbwa huyo kila asubuhi. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Kumhudumia mnyama aliyejeruhiwa ni dhamana, hupewa mtu anayeaminika. Tena, ile haki ya tano waliyoikariri jukwaani ilihusu hofu: ni haki gani kumlazimisha mbwa kuguswa na mikono ileile? Watakaporudi, watakaa na daktari wa mifugo baada ya masomo, wajifunze chanjo na majeraha, kisha wayaeleze madarasa ya chini bila kamera. Tutaona mwaka ujao kama watafaa kurudi klabuni.

Mbwa alishonwa, akachanjwa, na mlinzi amemchukua kwake. Msiniletee wengine. Hii ni shule, hatuna nafasi wala daktari wa kudumu, na kukusanya wanyama tusioweza kuwatunza ni ukatili wa aina nyingine. Ukimkuta mnyama ameumia, piga simu kwa ofisi ya mifugo au chama cha ulinzi wa wanyama kilicho karibu nawe.

Video hiyo ifutwe kwenye simu zenu. Simu tatu ziko kabatini kwangu. Zitachukuliwa na mzazi mwenyewe, si kaka wala mjomba, baada ya kutia sahihi kipande kilichobandikwa nyuma ya ripoti.

Wenu,
Mwalimu Mkuu